Rimoti moja, milango mitatu: shajara ya mradi wa mageti ya umeme, Shangani

Jumamosi. Kwa nini tunaanza

Hapa Shangani, Mtwara, nyumba nyingi zilijengwa au kukarabatiwa miaka ile habari za gesi zilipoleta wageni mjini. Wapangaji wa makampuni walitaka geti la umeme na banda la gari lenye mlango wa kujifungua wenyewe, wenye nyumba wakafunga. Wageni wengi wameshaondoka. Mota zimebaki, na rimoti zake zimepita kwenye mikono ya wapangaji, madereva, walinzi na mafundi ambao hakuna anayewakumbuka wote.

Mwezi uliopita banda la gari la jirani lilifunguliwa usiku. Hakuna kufuli iliyovunjwa wala bati lililopindwa. Mlinzi wa nyumba ya pili alisikia mota ikizunguka, akajua ni mwenye nyumba anarudi. Asubuhi jenereta, pampu ya maji na mashine ya kuchomelea havikuwepo. Polisi wana taarifa na uchunguzi ni wao. Sisi wawili, mimi fundi umeme na mwenzangu fundi wa redio kutoka Mikindani, tumeombwa na wenye nyumba wa mtaa huu tukague kila geti na kila mlango wa banda unaofunguka kwa rimoti, kisha tuuimarishe kadiri mfuko wa mwenyewe unavyoruhusu.

Masharti tumeyaandika kabla ya kufungua bisibisi. Hatujaribu mlango wa mtu ambaye hayupo na hajasaini. Hatuwashi kifaa chochote cha kuziba mawimbi, maana wimbi likizibwa halizibwi kwa nyumba moja tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabia kosa anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa, nami sitaki mtu yeyote hapa mtaani abaki na shaka juu ya kazi hii. Namba tutakazozisoma kwenye rimoti za watu zinafutwa siku ileile.

Jumapili. Rimoti kwenye sinia

Tumekusanya rimoti kwenye sinia barazani kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, tukazifungua moja baada ya nyingine. Yake ndiyo iliyonifundisha mengi. Skrubu moja nyuma, betri ndogo ya volti 12, na chini ya betri safu ya swichi kumi nyekundu, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Zote kumi zilikuwa zimelala chini. Kwenye mifereji yake vumbi lilikuwa limeganda na jasho la miaka, bila alama hata moja ya ukucha au ncha ya bisibisi. Yaani tangu itoke kiwandani hakuna aliyeigusa, na risiva ya mlango, yaani kipokezi cha ishara ya rimoti, nayo ilifungwa hivyohivyo.

Tukafungua rimoti ya nyumba ya pili, kisha ya tatu. Chapa ni ileile, na swichi kumi zimelala vilevile.

"Mzee, tunaomba rimoti yako tukaijaribu kwa jirani. Mwenyewe yupo na amekubali."

"Nendeni nayo, wanangu. Lakini haiwezi kufungua kwa watu."

Ilifungua. Kwa jirani wa kulia mlango wa banda ukapanda mpaka juu. Kwa wa mbele, geti la kuteleza likaenda mpaka mwisho wa reli. Mama wa nyumba hiyo alikuwa kibarazani anachambua mchele. Aliuweka ungo chini, akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo miaka yote hii?"

Hesabu yenyewe ni fupi. Swichi ina hali mbili, kwa hiyo swichi 8 zinatoa michanganyiko 256, swichi 10 zinatoa 1,024, swichi 12 zinatoa 4,096. Mtu akizijaribu moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa rimoti ya kawaida na mapumziko yake, zinamchukua kama nusu saa. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha njia ya kuzimaliza zote kwa chini ya sekunde 10, tena kwa kifaa cha kuchezea cha watoto kilichotengenezwa na Mattel, akakibadilisha programu. Aliligundua hili: risiva nyingi za aina hii hazijui msimbo unaanzia wapi. Zinapokea biti moja, yaani sifuri au moja, zinasukuma ya zamani nje, zinalinganisha, basi. Ukizipanga biti kwa mfuatano unaoitwa kwa jina la mwanahisabati Mholanzi Nicolaas de Bruijn, kila biti mpya inakamilisha msimbo mwingine, na hakuna muda unaopotea kurudia.

Tulichofanya leo ni kuwabadilishia wote watatu mpangilio wa swichi, bure, hapohapo barazani. Sasa angalau jirani hamfungulii jirani. Nimewaambia wazi kwamba hiyo ni ya kupitishia wiki, wasilale wakiitegemea.

Jumanne usiku. Kusikiliza hewa

Rimoti nyingine kwenye sinia hazina swichi. Hizi ndizo zinazouzwa kwa wingi madukani, zile zenye vitufe vinne na mfuniko wa kuteleza. Ndani yake kuna chipu ya jamii ya EV1527, ambayo imechomwa namba ya biti 20 kiwandani. Biti 20 ni namba 1,048,576, na muuzaji akikwambia "ina misimbo milioni moja" hajadanganya. Kubahatisha ni kugumu kweli. Lakini mwizi hana haja ya kubahatisha kama anaweza kusikiliza.

Mwenzangu alichomeka kipokezi cha RTL-SDR kwenye laptopu, kile kidogo kama flashi ambacho asili yake ni cha kutazamia televisheni, akakiweka kwenye megahezi 433.92. Programu ni Universal Radio Hacker, inapatikana bure. Tulimwomba mwenye nyumba abonyeze rimoti akiwa ndani ya gari lake, sisi tukiwa upande wa pili wa uwanja.

Kwenye kioo ilitokea safu ya vijiti, vifupi na virefu, kama meno ya kitana kilichovunjika hapa na pale. Kijiti kifupi ni sifuri, kirefu ni moja. Tukahesabu: biti 24, yaani 20 za namba na 4 za kitufe. Akabonyeza tena. Tukaziweka safu mbili moja juu ya nyingine, na hakuna kijiti kilichozidi wala kupungua. Akabonyeza kitufe kilekile kutoka getini, kutoka jikoni, na mkewe naye akajaribu na rimoti yake ya akiba iliyotolewa kopi dukani. Namba ni ileile. Kila jioni anaporudi kazini anaitangaza hewani, na yeyote aliyeegesha karibu anaweza kuinasa na kuirudia baadaye.

Na si lazima awe na laptopu. Rimoti za kunakili zinauzwa kwa bei ya soda chache. Unazigusanisha na ile ya asili, unabonyeza zote mbili, taa inawaka, kazi imekwisha. Gari likiachwa sehemu ya kuoshea magari au kwa fundi na rimoti ikabaki kwenye kiziba jua, nakala inatoka kabla povu halijakauka. Simtuhumu mtu wa kazi hizo, wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Nasema rimoti ishuke na mwenye gari.

Kisha tukajaribu rimoti ya mwalimu mmoja, yenye chipu ya HCS301. Hapo picha ilikuwa nyingine kabisa. Ujumbe una biti 66. Sehemu moja ni namba ya rimoti, inabaki palepale, lakini sehemu ya biti 32 za mbele ilibadilika kila alipobonyeza, bila mpangilio ambao jicho lingeweza kuushika. Huu ndio msimbo unaobadilika. Rimoti na risiva zina kihesabio kimoja, na kila mbonyezo unakisogeza mbele kabla ya kufichwa kwa ufunguo, yaani namba ya siri. Ukirudia ujumbe wa jana, risiva inaona hesabu imeshapita, inakaa kimya.

Alhamisi. Ubishi kuhusu KeeLoq

Leo hatukugusa bisibisi, tumebishana. Mwenzangu hakutaka tupendekeze chipu hizi, na hoja zake ni za kweli kwa hiyo naziandika.

Njia ya kuficha inayotumiwa na HCS301 inaitwa KeeLoq. Ilibuniwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 ikanunuliwa na Microchip ya Marekani. Ufunguo wake ni wa biti 64. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walipima umeme unaotumiwa na chipu ikiwa kazini, wakautoa ufunguo mkuu wa mtengenezaji. Wakiwa nao, iliwatosha kunasa ujumbe wa rimoti mara mbili tu kutoka mbali ili kuitengenezea nakala.

Hoja yake ya pili ni kifaa cha RollJam, ambacho Kamkar huyohuyo alikionyesha 2015. Kinaziba mawimbi ili risiva isisikie, huku chenyewe kikinasa msimbo. Unabonyeza, mlango hausogei. Unabonyeza tena, kinanasa msimbo wa pili na kuuachia ule wa kwanza. Mlango unafunguka, unaingia ndani ukidhani betri imechoka, na mwizi amebaki na msimbo ambao haujatumika.

Nilimjibu hivi, na bado nasimama hapo. Kumpata mtu mwenye vifaa vya maabara na ufunguo wa mtengenezaji ni jambo moja, kumpata mtu mwenye rimoti ya kunakili ni jambo jingine. Banda lililofunguliwa mwezi uliopita lilikuwa na msimbo usiobadilika. Tukiziondoa risiva hizo mtaa mzima, tumefunga njia iliyo rahisi kuliko zote. Mwenye uwezo zaidi tutamwagizia risiva mpya zinazotumia AES ya biti 128, njia ya kuficha iliyo imara zaidi, lakini sitamwacha mjane wa nyumba ya kona bila kinga kwa sababu ya kusubiri kilicho bora zaidi.

Tulikubaliana kwa sharti la mwenzangu: kila nyumba ifundishwe dalili ya kuzibwa. Rimoti ikigoma bila sababu, usiondoke mpaka umeona mlango umefika mwisho. Ukishaingia ndani, ukasikia hali imetulia, bonyeza tena ufunge na kufungua. Msimbo mpya ukipokewa, ule ulioibwa umekufa, kwa sababu hesabu imeupita. Na watoto wakichezea rimoti mbali na nyumba msishtuke: kwa kawaida risiva ya HCS inakubali mibonyezo 16 ya mbele. Ikipita hapo, bonyeza mara mbili mfululizo, inajipanga upya.

Jumamosi. Sanduku la kwanza

Tumeanza kwa mzee wa bandari. Tulipoinua mfuniko wa mota tulikuta mayai mawili ya mjusi kafiri yamegandishwa kwenye transfoma, njia ya sisimizi inayopita juu ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na kwenye miguu ya vifaa ule ukungu wa kijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Nyumba hii inapokea upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini, na tundu la waya lilikuwa limeachwa wazi. Usalama wa kielektroniki hauna maana kama bodi yenyewe itakufa kabla ya masika. Tulisafisha kwa spiriti na mswaki, tukapaka grisi ya silikoni kwenye viungo, tukaziba tundu kwa mpira wa kubana waya.

Risiva mpya tukaifunga kwenye kisanduku chake ndani ya banda, si ndani ya mota. Sababu ni kitufe cha kufundishia rimoti. Mtu akikifikia kitufe hicho kwa dakika moja, anaiingiza rimoti yake mwenyewe, na kuanzia hapo msimbo unabadilika kwa faida yake. Kisanduku kina ufunguo, na ufunguo anao mzee. Antena ni waya wa sentimita 17, ambao ni robo ya wimbi la megahezi 433.92, ukisimama wima mbali na bati. Waya mbili za rilei zinakwenda kwenye skrubu za swichi ya ukutani kwenye bodi ya mota, kwa hiyo bodi inaona kama mtu amebonyeza kitufe cha ndani.

Sasa jambo ambalo nataka fundi mwenzangu yeyote anayesoma alisome mara mbili: risiva ya zamani lazima ife. Kwenye nyumba moja ya mtaa huu tumekuta risiva ya kisasa iliyofungwa zamani na fundi mwingine, kazi safi, waya zimenyooka, na pembeni yake ile ya kiwandani bado hai. Mwenye nyumba alilipa pesa nzuri, akapewa rimoti mpya, akalala usingizi, na kwa muda wote huo rimoti yake ya zamani iliyopotea sokoni ilikuwa bado inafungua. Kwenye mota nyingi risiva ni kibodi kidogo cha kuchomeka, king'oe. Kama imejengwa ndani ya bodi, futa kumbukumbu yake kwa kushikilia kitufe cha kufundishia mpaka taa ionyeshe imefuta, muda wake unategemea bodi, soma karatasi yake. Ile ya swichi haina cha kufuta, kata waya wake wa kutoa ishara. Kisha jaribu kila rimoti ya zamani mbele ya mwenye nyumba.

Mzee aliichukua ile yake yenye swichi kumi, akasimama hatua mbili kutoka mlangoni, akabonyeza kwa muda mrefu. Taa ya rimoti iliwaka. Mlango haukutikisika. Akaigeuza, akabonyeza tena, kisha akaniambia, "Betri itoe, mwanangu, nitaitumia kwenye kengele."

Jumatatu. Simu na Wi-Fi

Nyumba moja inafungua geti kwa kupiga simu. Kuna boksi lenye laini ndani, linatambua namba ya mpigaji, linakata bila kupokea, linafungua. Wazo zuri kwa mtu ambaye rimoti inampotea. Tulichokuta ni neno la siri la kiwandani, 1234, na boksi limewekwa kumfungulia yeyote anayepiga. Hata mtu aliyekosea namba angefungua geti. Tumebadilisha neno la siri, tumeorodhesha namba za familia tu, na laini yenyewe imebadilishwa kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imebandikwa kwenye karatasi kwa mlinzi. Pamoja na hayo, namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, kwa hiyo boksi limebaki kwenye geti la nje. Mlango wa banda halifungui tena.

Nyumba nyingine ina kifaa cha Wi-Fi kilicholetwa na mtoto wao aliyeko nje. Nilimweleza baba mwenye nyumba kisa cha vifaa vya Nexx vya Marekani. Aprili 2023 mtafiti Sam Sabetan alitangaza kwamba vidhibiti vyao vya milango ya gereji vilitumia nywila moja kwa wateja wote, na kwa nywila hiyo aliweza kuona na kufungua milango ya watu asiowajua. Vifaa vilivyoathirika vilikadiriwa kuzidi 40,000, na shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa tahadhari. Kifaa chetu si cha kampuni hiyo. Lakini mlango unaotegemea seva ya mbali unalindwa na watu ambao mwenye nyumba hawezi kuwauliza chochote. Tumekiacha kimuonyeshe kama mlango umefungwa au uko wazi. Waya wa kufungulia tumeuchomoa.

Jumatano. Waya wa nguo na komeo

Banda la mwalimu lina mlango wa vipande unaopanda darini, wenye kamba nyekundu ya kuuachia umeme ukikatika. Mwizi anaweza kupenyeza waya wa kutundikia nguo juu ya mlango, akavuta kile kikono, mlango ukaachia, msimbo ubadilike usibadilike. Tumeweka kibao chembamba mbele ya kikono ili waya usikifikie kutoka nje, na kamba tumeipunguza. Hatukuifunga kabisa. Moto ukiwaka ndani au mtoto akinaswa, lazima mtu aweze kuivuta.

Kazi ninayoipenda zaidi katika mradi huu ni komeo. Usiku wenye nyumba wanataka chuma kilichoingia ukutani, na mimi nataka hivyo pia. Tatizo ni kwamba mota ikiamriwa kufungua huku komeo limeingia, inavuta mpaka meno ya giaboksi yanasagika. Kwa hiyo mwenzangu ameweka swichi ndogo mwishoni mwa komeo, na waya wa ishara kutoka risiva unapita humo kabla ya kufika kwenye mota. Komeo likiingia, waya umekatika. Rimoti ya kweli, ya kunakili, RollJam, chochote kitakachosemwa hewani, hakifiki kwenye mota mpaka mtu aliye ndani avute komeo kwa mkono wake. Gharama yake ni ndogo kuliko rimoti moja.

Mzee aliuliza kuhusu dharura, kama usiku akitakiwa kukimbizwa Ligula hospitali. Komeo lina mpini, halina ufunguo, linavutwa kwa sekunde moja kutoka ndani. Mkewe amejaribu gizani, taa zikiwa zimezimwa, na anaweza.

Ijumaa, baada ya swala. Tulipofika

Nyumba zilizokuwa na swichi kumi zimekwisha. Zile za EV1527 zimebaki chache, risiva zake zinatoka Dar na basi. Kila mwenye nyumba ana daftari lake la rimoti: ipo kwa nani, namba yake ya nyuma, tarehe iliyoingizwa. Ikipotea moja, zote zinafutwa na zilizobaki zinafundishwa upya, maana risiva nyingi za bei hii haziwezi kufuta moja peke yake. Msimu wa minada ya korosho watu wengi hapa wanakuwa Newala, Tandahimba au Masasi kwa majuma, na rimoti zinabaki kwa walinzi na ndugu, kwa hiyo daftari tumelitaka liwe tayari kabla ya Oktoba.

Nyumba ya kona tutaifungia risiva mpya mama mwenye nyumba akirudi safari. Kwa sasa mlango wake wa banda una komeo na kufuli kwa ndani, na sakiti breka ya mota imezimwa.